Hodi ya Nne

Wesonga, mgeni asiyejibiwa hupiga hodi tatu
kisha hurudi alikotoka. Ndivyo alivyonifunza mama,
na ndivyo nilivyokutendea mwaka mzima.

Ya kwanza nilikuja na Kerubo na kundi la Jumamosi,
vitambaa vyeupe kichwani, spika ya kukodi
iliyokohoa kabla ya kila aya.
Ulikuwa kibandani mwako, huku Mathare chini,
ukichomelea waya wa redio ya mtu.
Nikakutajia moto. Moto, kwa fundi
aushikaye kila siku kwenye ncha ya chuma!
Hukuinua macho. Ulisema tu,
"Mama, mnaniziba mwanga."
Na kweli tulikuwa tumekuziba.

Ya pili nilikuja peke yangu, na karatasi.
Kesho yake nikaikuta umeifungia skrubu.
Nilighadhibika njiani hadi ndala moja ikabaki matopeni.
Nikamwambia Mungu: huyu nimemwonya, nimenawa.
Tunavyopenda kunawa,
sisi tunaouza maji shilingi tano mtungi.

Ya tatu siikumbuki vizuri.
Labda nilikusalimu tu, nikalipitisha jina la Yesu
katikati ya bei ya nyanya
kama mtu apitishaye noti bandia.

Kisha Aprili.
Watu wa serikali walikuwa wamekwisha pita,
wakapaka X nyekundu kwenye mabati yetu.
Yako uliigongea msumari, ukatundika koti.
Mto wenyewe, nani angeuogopa?
Kiangazi mtoto huuruka, akarudi, akauruka tena.

Saa nane usiku niliusikia ukisaga mawe.
Sikuchukua Biblia. Sikufunga kitambaa.
Niligonga mlango wako kwa sufuria:
hodi, hodi, hodi,
kimya, ulikuwa umelala na nyaya masikioni.
Adabu ikaniambia, rudi.
Ya nne nikaipiga kwa teke.

Ulifungua ukitukana.
Ukaona maji yamefika magotini mwangu.
Hukuniuliza mimi ni nani nikuhukumu.
Ulimbeba bintiye Nduta mgongoni,
na kwapani, sijui kwa nini, redio ya mteja.

Asubuhi, kwenye sakafu ya darasa,
tukipokezana kikombe kimoja cha uji, ukauliza,
"Mbona hukuniacha?"
Nilikuwa na jibu refu, lenye sura na mistari.
Likanikwama kooni pamoja na uji.
Nikasema sikutaka kuamka
nikakosa mtu wa kumkasirikia.
Ukacheka. Nami nikaachia hapo.

Lakini halikuwa jibu lote.
Naamini, Wesonga. Siwezi kujifanya siamini
ili tupatane.
Naamini kuna mto mwingine usagao mawe gizani,
na yuko mmoja aliyeuingia hadi shingoni
akitutafuta kwa majina.
Nikiyaamini hayo na nikunyamazie,
basi wewe kwangu ni bei ya nyanya tu.
Kosa langu si kwamba nilikuonya.
Nilikuonya na miguu mikavu.
Nilisimama ukingoni na spika
nikikuhesabu miongoni mwa waliozama,
nisijue hata kwamba mama yako
amelazwa Pumwani tangu Februari,
na koti lililofunika ile X lilikuwa la marehemu baba.

Sasa umejenga tena, juu kidogo ya mteremko,
mabati mapya, hayajaandikwa kitu.
Nimekuja. Kerubo nimemwacha nyumbani, na spika pia.
Nimebeba redio yangu, na utaifungua,
utaiona ni nzima, utajua nimekuja kwa jambo jingine.
Ukitaka tutaanza na mama yako.
Ukitaka tutakaa tu, uchomelee,
nami nitaketi upande usiokuzibia mwanga.

Hodi, Wesonga.
Hodi.
Leo sihesabu.