Usisukume Bado

Saa tisa na robo usiku, simu.
Anayepiga saa hiyo hasalimii.
"Mlango wa gereji haufunguki, gari liko ndani,
na mimi ni mkunga."
Nikavaa suruali juu ya suruali.
Saskatoon ilikuwa nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri,
baridi inayouma hata meno ya bandia.

Noreen Friesen anakaa nyuma ya kiwanda cha haradali.
Alinisubiri koti wazi, mkoba mkononi,
simu ameibana kati ya sikio na bega.
Alikwisha kuivuta ile kamba nyekundu ya dharura.
Alikwisha kumwaga maji ya moto kizingitini;
yakaganda, bila shaka, yakawa gundi.
"Kitu kililia paa! juu," akasema,
"nilidhani bunduki."

Nikamulika. Springi imekatika katikati,
pengo la vidole viwili,
ungeweza kulificha kwa kiganja.
Watu hudhani mota ndiyo huinua mlango.
Mota ni mpambe tu, hushika pindo.
Springi ndiyo hubeba, kimya, miaka kumi na miwili,
ikijikaza kila jioni, ikilegea kila asubuhi,
mpaka usiku mmoja inasema basi.

Nilikuwa nayo moja garini. Fupi kwa inchi nne.
Siku zote iliyopo ni ya mlango mwingine.
Nikapiga magoti na mtaimbo,
nikaanza kuubandua mpira ulioshikana na saruji.
"Usisukume!" akasema.
Nikaacha.
"Usisukume bado. Pumua. Vizuri. Tena."
Nilikuwa nimeshapumua mara tatu
kabla sijatambua kwamba haniambii mimi.

Huko Delisle, mbele ya kilomita arobaini na kitu za barafu,
mwanamke aitwaye Trudy alikuwa akijifungua.
Huku kwetu, mlango ulikuwa umekataa.
Sikucheka usiku ule. Nacheka sasa.

Nikamgongea jirani, Wasyl Pidhirny,
miaka sabini na tatu, mabuti na pajama ya mistari.
Hakuuliza kitu. Alitema mate viganjani.
Kilo tisini za bati:
yeye kushoto, mimi kulia,
roli zikilia kama nguruwe aliyeona kisu,
magotini, kifuani, juu ya vichwa.
Nikabana reli kwa jiriwa, nikasimamisha mbao mbili,
na bado hatukuthubutu kuachia.
Noreen akalirudisha gari nyuma, akapita kati yetu.
Kioo cha pembeni kikagonga ubao. Hakukitazama.
Taa nyekundu zikakata kona.

Tukabaki na doa la mafuta, sledi ya mtoto,
makopo ya rangi yaliyopasuka kwa baridi.
"Wa kike au wa kiume?" Wasyl akauliza.
Nikasema hajazaliwa.
"Basi tuushushe. Mkono huu si wa jana."

Nilirudi alasiri na springi ya urefu wake.
Nondo mbili, robo mzunguko, robo mzunguko,
thelathini na moja, uso pembeni,
maana springi iliyokazwa haina rafiki.
Noreen alikuwa amesinzia kwenye kiti cha jikoni,
kiatu kimoja mguuni.
Mtoto hakumngoja, akaniambia.
Bibi yake alimpokea kwa taulo la vyombo.
Yeye aliwahi kondo tu.
Akanilipa bei ya usiku, yote, bila kuhesabu mara mbili.

Kwa hiyo tulikuwa tukikimbilia nini?
Swali lilinifika mdomoni. Nikafuta grisi kwenye bawaba,
nikabonyeza kitufe.
Mlango ukapanda kama haujawahi kumkosea mtu.

Kwangu mimi, mlango umekwama tangu Novemba,
nusu wazi, theluji imefika kwenye baiskeli.
Halyna ameshaacha kuutaja.
Mganga hajigangi.
Niliegesha nje, nikainama,
nikapita chini yake na mkoba wangu wa spana.