Bado Shilingi Sita

Mbarouk Shehe kaliweka juu ya benchi
gobori la baba yake, kalifungia gunia la karafuu.
Mtutu mzima, ila umezibwa risasi kwa amri ya serikali.
Kitako kimeoza kama muhogo uliosahauliwa shambani.

"Lililinda mpunga, Kinyasini," akasema.
"Tumbili na nguruwe waliijua sauti yake.
Sasa nalitaka ukutani, barazani kwangu,
wajukuu waone tulivyokuwa na kishindo."
Akatazama ushungi wangu, akatazama patasi.
"Fundi yuko wapi?"
"Fundi ndiye mimi. Mjaka alikuwa babangu."
"Basi ni yeye aliyelichonga hili,"
akasema, akalipa nusu.

Nikachonga kipya, mfenesi wa Limbani,
njano kama bibi harusi aliyesingwa,
rangi ambayo miaka huipika ikawa kahawia.
Randa, tupa, msasa mkali, msasa laini,
mwisho jani la msasa lenyewe, la mtini,
lile baba aliloliita ulimi wa paka.

Kisha maji.
Ndiyo, maji. Ubao uliolainika unakudanganya.
Uloweshe kwa kitambaa, uache ukauke,
nyuzi zitasimama kama malaika ya mkono penye baridi.
Uzikate. Uloweshe tena.
Mara ya tatu haziinuki,
zimekubali.

Mafuta ya nazi hayafai: hayakauki, yanavunda,
yanaita sisimizi.
Sifa ya papa ni ya chombo, si ya baraza la mtu.
Mimi natumia kitani, kwa kidole gumba,
nasugua mpaka kidole kiwe moto.
Mkono wa kwanza ubao unagugumia kama mfungaji magharibi.
Wa pili unakunywa kwa adabu.
Wa nne unakataa, unabaki juu, unakutazama.

Huo wa nne ulipokuwa ukikauka
nikakipasua kile cha zamani kwa kuni.
Nje, vanishi ya baba bado nyekundu, ngumu,
unajiona uso.
Ndani, kwenye mfereji wa mtutu,
ubao mtupu, mweusi kwa kuvu,
haujapata kuonja tone.
Maji hayakupitia nje.
Yalipitia alipopajua yeye.

Na pale pale, kwa penseli, kwa herufi za Kiarabu,
mwandiko uliokuwa ukinisahihishia hesabu:
*Shehe wa Kinyasini. Bado shilingi sita.*

Nikacheka hata muuza kahawa akachungulia.
Halafu sikucheka.
Kalipwa nusu, kaziba nusu.
Baba huyu, aliyenichapa kwa rula
kwa kuacha chini ya meza bila rangi.
"Mungu anapaona," alisema.
Sijui kama siku ile alikuwa akinifunza
au akijisuta.

Usiku nikakigeuza kitako kipya.
Mfereji wa mtutu, kitundu cha mtambo,
mashimo ya skrubu, moja moja, kwa unyoya wa kuku,
na kule kisiginoni ambako nyuzi ziko wazi kama midomo:
nikapaka, nikafuta, nikapaka,
nikafunga kwa nta ya nyuki.
Nusu nyingine ya pesa sikuwa nimeiona bado.

Matambara nikayatandaza uani, kila moja peke yake.
Ya kitani ukiyakunja pamoja
huwaka yenyewe, bila kiberiti,
kama neno lililolazwa nyumba moja na watu.

Mbarouk alikuja Ijumaa, kanzu bado ina mikunjo ya pasi.
Akapapasa nje, akanusa, akaona meno yake yaking'aa humo.
"Kama kile cha kwanza!"
"Kama cha kwanza," nikasema.
Akalipa iliyobaki, na mia tano juu yake.
"Ya chai."
Nikaipokea. Kimoyomoyo nikaiita shilingi sita.

Kile kipande chenye maandishi sikukitia jikoni.
Nimekipaka mkono mmoja tu, mwembamba.
Penseli ikishakuwa chini ya mafuta
haifutiki tena.