Gramu za Shaba

Wananiletea spika, na ndani ya spika maoni yao.
Koni imechanika, koili imeungua, harufu ya varnishi mbichi,
na mwenye mali anabishana tangu mlangoni,
hata salamu hajatoa.

Ndeonasia, wa zamu ya usiku hospitali,
anasema santuri ya kwanza ya Mringo ndiyo santuri.
"Ilikuwa na nafasi, fundi. Ungeweza kuegesha baiskeli
kati ya ngoma na ngoma,
ukaenda Kiboriloni kununua mchare,
ukarudi ukaikuta.
Hii ya pili imejaa kama kabati la bi harusi.
Vyombo vinang'aa. Hakuna kinachopikiwa."

Mhakiki wa gazeti aliandika aya tatu:
huu si muziki, ni trekta iliyokwama topeni.
Akatoa nyota moja,
na hiyo moja, akasema, ni ya jalada.

Basi Tluway, anayeendesha trekta mashamba ya miwa,
alilikata lile gazeti kwa kisu cha kazi
akalibandika juu ya usukani.
"Amenisifu mimi. Ila bwana huyu hajawahi kukwama.
Ungekwama mwezi wa nne, gurudumu linazunguka bure,
injini inashuka, inashuka,
mpaka sauti inakuingia kwenye magego,
halafu, ghafla, linakamata udongo.
Hapo, fundi. Hapo ndipo Mringo alipo."

Mama Kiwelu wa mtori, jirani yangu ukuta kwa ukuta,
vikombe vyake vinatembea mezani kila nikijaribu spika.
"Hana maneno huyu mtoto?
Mtu anaumiaje kiasi hiki
bila kutaja nani kamkosea?"

Na kuna wasemao dabstepu ilishakufa zamani.
Elinipa, mwanafunzi wangu, miaka kumi na saba,
anauliza imezikwa wapi,
maana yeye hakuletewa taarifa ya msiba,
wala hakuchangishwa.

Mimi sina nyota za kugawa.
Nina mzani wa sonara niliorithi, na waya wa shaba.
Santuri ya kwanza, tangu itoke,
imeniunguzia koili mbili,
na moja ilikuwa ya mlevi.
Ya pili: hamsini na moja tangu Pasaka.
Imelipa ada. Imeezeka jiko.
Ukiuliza mfuko wangu, ya pili ni kazi bora,
Mringo atoe na ya tatu, aiongeze chumvi.

Lakini nikishafunga mlango
naiacha koni mezani uchi, bila boksi,
naweka ile ya kwanza, chini, chini kabisa,
namwagia koni pumba za mpunga kiganja kimoja.
Zinasimama. Zinajipanga duara.
Zinavunja duara kama watu waliosikia jina lao.
Sijamwambia Tluway.

Jumamosi walikutana wote, kwa bahati mbaya,
Ndeonasia na spika yake begani,
Tluway na matope hadi magotini,
hata Mama Kiwelu, amekuja kudai kikombe.
Kelele! Majengo nzima ikajua nani hajui muziki.
Elinipa akachoka, akaiweka ya pili, wimbo wa nne,
pale unapopanda, unapanda,
ngoma zinakimbizana ngazini, na pumzi zinakatwa,
ukimya kidogo, ukimya ule wa kabla ya besi kushuka,

umeme ukakatika.

Hakuna aliyesema neno.
Tluway mkono juu, hajaushusha.
Ndeonasia amefumba macho.
Mama Kiwelu ameshika kikombe kwa mikono miwili
kama anayekizuia kisitembee.

Ulirudi saa tatu usiku. Walikuwa wameshaondoka,
na spika zao wameniachia.
Nimeziandikia majina. Bei bado.
Kesho watakuja kunieleza ilivyokuwa.