Chukudu Mpya, Kutoka Kibumba

Siku ya kwanza haikunijua.
Mti mbichi bado, fundo zinatoa utomvu,
nzito kama ng'ombe aliyegoma njiani,
na usukani unavuta kushoto, kushoto kila mara,
utadhani una shemeji upande ule.

Fundi Sebuhoro alisema: usiilaumu,
mkaratusi huu ulikua umeinama,
utanyooka ukichoka.
Nikamlipa dola themanini,
nusu za likelemba,
nusu za mbuzi niliyemwapia Kavugho kuwa hatauzwa.

Saa kumi alfajiri tukapakia:
magunia manne ya viazi, mawili ya karoti,
kabichi juu, zimebanwa kwa mipira
hadi mbao zikaguna.
Ile ya zamani ililia kama mlango wa jikoni.
Hii inalia kama kiatu kipya kanisani:
watu wote wanageuka.

Kibumba baridi. Ukungu umekaa kwenye nyusi.
Goti la kulia juu ya kipande cha ndala,
mguu wa kushoto unapiga lami,
moja, mbili, tatu,
halafu mlima wenyewe ukanipokea kazi.

Wenye injini hawakijui kitu hiki:
kushuka na shehena ya nusu tani
bila kelele, ila mpira unaonong'ona chini
na pumzi yako mwenyewe inayokutangulia.

Sasa niseme ukweli juu ya mwendo wake.
Penye lami nzima inatulia, unaweza kuwaza madeni.
Penye mashimo gurudumu la mbele linapiga kichwa
na meno yanagongana.
Ukiipinda upesi inakataa;
ukiiegemea polepole, kama unamwamsha mzazi,
inakuja.
Breki ni ulimi wa tairi la Fuso
na kisigino changu.
Tulipofika penye antena tatu kisigino kilikuwa cha moto,
moshi mwembamba, harufu ya gereji,
na Bauma nyuma yangu anapaza sauti:
Unachoma nyama bila kutualika?

Kanyaruchinya kumekucha.
Mahema, moshi wa majani mabichi,
foleni ya madumu ya njano kwenye bomba.
Msichana mmoja, dumu kichwani,
akavuka nusu ya barabara
akasimama.
Sijui kwa nini watoto husimama pale pale.

Kulia kwangu lori. Mbele yangu yeye.
Kisigino nilikikanyagia mpaka nikaona rangi.
Sikupinda. Sikuwa na muda wa kupinda.
Niliacha tu mkono ulegee
na mti ukaenda ulikotaka kwenda tangu asubuhi,
kushoto,
kwenye changarawe nyeusi ya mlima uliowahi kumwagika,
tukipiga kokoto, tukiyumba,
kabichi sita zikaruka
zikaviringika kuelekea mahemani kama zimeitwa.

Msichana hakumwaga hata tone.
Alinitazama, akatazama kabichi,
akachagua kubwa.
Nyingine zilipata wenyewe kabla sijashuka.
Sikudai.

Soko la Virunga, Mama Kyakimwa anahesabu kwa kidole.
Sita ziko wapi?
Zimebaki Kanyaruchinya.
Zinafanya nini huko?
Nikakosa jibu. Akakata franga zake, na ya sabuni juu.

Kupanda ni habari nyingine.
Tupu, inakuwa jeuri, inataka kurudi mjini,
unaisukuma kwa tumbo, kwa bega,
kwa maneno ambayo padri asiyasikie.
Magoti yalitetemeka hadi giza.

Sebuhoro alikuwa anafunga karakana.
Akashika randa: nilete usukani nikunyooshee?
Nikasimama hapo muda mrefu kuliko swali lenyewe.
Kidogo, nikasema. Usimalize.

Nyumbani, kuku wamelala juu ya chukudu ya zamani,
wameichafua tayari.
Kavugho akazunguka ile mpya mara moja, na taa mkononi.
Mbuzi hakumtaja.
Akaingia ndani, akatoka na mawese kwenye kijiko,
akachuchumaa, akaanza kupaka ekseli,
gurudumu la nyuma kwanza.