Kopo la Nyanya

Mwaka ule wa vita mjomba Musavuli
alifunga uzi wa kuvulia kati ya mawe mawili ya lava,
akaning'iniza kopo tupu la nyanya na bomu la mkono.
"Mlinzi huyu," alisema, "halali wala hadai mshahara."

Usiku wa tatu kopo lililia.
Mbuzi wa Mama Nzigire.
Usiku wa saba, sitasema nani.
Kulipokucha mjomba aliukata uzi kwa meno.

Leo pale kizuizi kidogo wamesimamisha mlingoti:
jicho la kioo, mtutu unaojigeuza.
Kitu kipya kabisa, anatuambia afisa.
Napita na beseni langu la sambaza,
jicho likinifuata hadi upande wa Gisenyi.

Kipya?
Uzi ni uleule, unanigusa shingoni.
Kopo tu ndilo wameliondoa.