Nambari 3117

Kila Jumatatu naongeza spiriti mitungini.
Inachoma pua, inakausha vidole,
inawaweka wafu wasioze wala wasizeeke.
Chumba hakina dirisha. Nje ni Nairobi,
Barabara ya Kipande na honi zake,
lakini humu ndani ni kaskazini, rafu juu ya rafu:
guruguru wa Kargi, mkia umekatika,
moma wa Maikona, amejiviringa kama kata ya kubebea mtungi,
kobe bapa kama chapati ya juzi,
mjusi wa mchangani mwenye mkia mrefu
kuliko safari zote alizowahi kwenda.
Kila mmoja ana uzi mguuni, au shingoni asiye na miguu,
na lebo ya wino mweusi.

Daktari Mwakideu huhesabu magamba ya tumbo la nyoka
akakutajia ukoo wake, mjomba na shangazi.
Mimi najua jambo moja asilolijua:
sauti ya 3117.

Chura. Dukana, karibu na mpaka. Mwezi wa pili.
Amechimbuliwa kina cha mkono mmoja.
Macho amefumba. Ngozi ya juu, nyepesi kama ganda la kitunguu,
bado imemkumbata, vazi alilojishonea mwenyewe
angoje mvua, mwaka, hata miaka miwili,
bila kumdai mtu.
Mvua yake ilikuja na sura ya sepetu.

Shuleni, hapa hapa Ngara, mwalimu aliandika ubaoni:
*kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji.*
Nikanyoosha mkono. Nikauliza,
kwani ng'ombe alijuaje pa kwenda?
Darasa zima likacheka. Nikakaa.
Sikuwa na Kiswahili cha kutosha kueleza
kwamba kwetu, radi ikishapita,
mama alizima redio, akafunika moto,
akatega sikio gizani kama anayesubiri simu.
Kimya. Kimya. Halafu mbali sana, *wuup*,
mmoja, kisha mia, ardhi nzima inapiga miayo.
Huko, alisema. Upande wa pili wa jiwe la mpaka.
Alfajiri ngamia walivuka, na mbuzi, na sisi.
Waliotuita hawakujua jiwe lile ni la nini.
Walitoka chini yake.

Juzi mdogo wangu Guyo alipitia hapa
kutoka ofisi ya vitambulisho, viatu vyeupe kwa vumbi.
Babu yako alizaliwa wapi? Nani shahidi?
Lete barua ya chifu. Chifu huyu simjui, lete wa zamani.
Njoo Alhamisi.
Nilimpa chai ya kopo, nikamwonyesha 3117.
Akaisoma lebo polepole, mdomo ukicheza:
jina, la kwanza na la pili. Mahali.
Tarehe. Jina la aliyemwona. Nambari.
Akacheka mpaka spiriti ikamkaba koo.
"Huyu ana kila kitu," akasema.
Kisha, bila kucheka:
"Yeye alihojiwa na nani?"

Alhamisi alienda. Akaambiwa Jumanne.

Jioni ile mvua ya Nairobi ilimwagika bila salamu,
na kule bondeni, mtoni, katikati ya mifuko na mabati,
vijichura vya mjini vikaanza,
vyembamba, kama kengele za baiskeli,
lugha nyingine kabisa, lakini habari ni ile ile.
Kanuni inasema mlango wa chumba ufungwe daima,
joto lisipande. Niliuacha wazi,
robo saa hivi. Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.
Nikauinamia mtungi nikafanya *wuup*,
kwa chini, kama mama alivyotufundisha,
nikiona aibu kidogo.

Hakufumbua macho. Sikutarajia.
Guruguru wa jirani alikuwa amepungukiwa,
bega lake limetoka nje ya spiriti.
Nikasimama, nikamjazia.