Daftari la Madaraja

Saa tisa za usiku, Palanca, theluji inaanguka
kama mtu anayechambua pamba na hana haraka.
Foleni ya magari imepita kilima,
injini zimezimwa kuokoa mafuta,
watoto wamelala na viatu miguuni.

Mimi ni Ilinca, koplo, mshika muhuri.
Muhuri una uzito wa yai.
Nimegonga mara elfu na mia mbili tangu jana
na kila nikigonga nchi inafunguka kidogo,
kinchi hiki ambacho ukipiga chafya mashariki
wa magharibi anakuombea afya.

Wamepita: bibi na saa ya ukutani kifuani,
mvulana na kobe ndani ya sufuria,
mwanamke aliyeuliza kama choo kinalipiwa
kisha akalia, wala si kwa sababu ya choo.

Halafu yeye. Ostap Verhun, miaka arobaini na mmoja, kiziwi.
Cheti chake kimelowa,
saini ya daktari imegeuka wingu la buluu.
Kamshika mkono mpwa wake, Solomia.
Ndani ya begi: soksi, jamu ya plamu, daftari.

Ndani ya daftari: madaraja.
Kumi na tisa, kwa penseli,
kila nguzo na kipimo chake, kila kiungo na nambari,
na la ishirini ni letu,
hili tunalolivuka kwenda sokoni.

Kapteni Sturza akalitazama, akanitazama.
Hakutamka neno jasusi. Alisema:
"Koplo, wewe ungechora daraja kwa nini?"

Wiki mbili nyuma tulimpitisha mmoja, mpole,
alitushukuru kwa lugha mbili, kapakata paka.
Siku ya tatu alikutwa chini ya mnara wa umeme
na koleo, na waya, na saa ya kuamshia.
Paka bado yuko jikoni kwetu,
anakunywa maziwa ya serikali.

Kwa hiyo msinihubirie moyo. Moyo ninao.
Mama yangu, Eufrosinia, ana watu saba sebuleni,
yeye mwenyewe analala kando ya jiko,
anasema mgeni njoo, mwenyeji apone.
Na kila usiku anafunga mlango kwa makomeo mawili.
Mkono uliopakua supu ndio unaogeuza ufunguo,
na sijamwona akiona haya
kwa supu wala kwa ufunguo.

Nikaandika kwenye karatasi: *Madaraja ya nini?*
Mtoto akajibu kabla penseli haijamfikia mjomba:
"Hasikii ndege. Anasikia daraja.
Akiweka kiganja kwenye chuma anajua
kama ni vifaru au ni lori la mkate.
Yale kumi na tisa hayapo tena.
La kwenu amelichora jana kwenye foleni,
kwa sababu limesimama."

Jibu zuri.
Zuri kama la mtoto mkweli,
zuri kama la mtoto aliyefundishwa,
na mimi sina mizani ya kupimia tofauti.

Niliwaweka saa sita kwenye chumba chenye hita.
Nilipiga simu Odesa; simu ililia peke yake.
Nilipeleka chai, nikapeleka pia askari mlangoni.
Daftari nililifunga kwa lakiri, likaenda mjini.
Alipoliona likiondoka hakupigana.
Alitazama vidole vyake
kama mtu anayehesabu chenji na kukuta imepungua.

Kulipopambazuka Kapteni alisema, "Amua wewe,"
akatoka kuvuta sigara, hasira zake begani.

Nikafungua kidau cha wino.
Ostap akainama, akalaza kiganja mezani,
wazi, karibu kabisa na karatasi,
asubiri kusikia.

Niligonga.

Daftari halijarudi, na hakuna aliyeniambia kitu.
Ila siku hizi, nikienda sokoni,
nashuka baiskeli katikati ya daraja,
navua glavu, nagusa chuma.
Baridi inanichoma hadi kwenye kiwiko.
Nasubiri. Kuna kitu kinakuja, kwa mbali,
kizito.
Sijajifunza bado kutofautisha.